Je, nilikosea kuchomoa kigae kwenye ukuta wa shimo la uchimbaji?

Mgeni wa Toscana

Ndugu wanajukwaa, hii ni wiki yangu ya kwanza katika uchimbaji wa makazi ya kale ya Waetruski, watu waliostawi Italia kabla ya Warumi kuitawala, kwenye kilima kimoja cha Toscana, Italia. Jana tulianza saa 1 asubuhi, kabla jua halijawa kali, na kufikia saa 4 tulikuwa tumekwangua sentimita chache tu za udongo wa kahawia. Nilipoinuka kumwaga ndoo, niliona kigae cha chungu kilichovunjika, cheusi, chembamba, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kimechomoza kwenye ukuta wa shimo, usawa wa goti langu, ndani ya mkanda wa udongo wa kijivu wenye chembe za mkaa. Nilikivuta kwa vidole viwili, kikatoka bila shida, nikakitia katika ndoo ya vigae pamoja na vingine. Msimamizi wa shimo aliponiona alisimamisha kazi ya watu wote, akakitafuta kigae kile ndooni, akanikaripia mbele ya wenzangu, kisha akainamia daftari lake kwa muda mrefu. Siku hiyo hiyo tulikusanya vigae zaidi ya mia mbili, na mchana tuliviosha vyote katika beseni moja baada ya jingine. Naomba kueleweshwa kosa langu hasa ni lipi.

Mwiko Mkononi

Ndugu Mgeni, katika kazi hii kuna mwiko wa kushika na mwiko wa kutovunja, na ukuta wa shimo ni huo wa pili. Ndoo uliyotumia ilikuwa ya tabaka la kahawia mlilokuwa mkilikwangua chini ya miguu yenu, ilhali kigae chako kilitoka katika tabaka la kijivu lililolala juu yake, yaani lililofika pale baadaye. Umri wa tabaka huamuliwa na kitu kichanga kuliko vyote vilivyomo, kwa sababu udongo hauwezi kufukia chombo ambacho hakijafinyangwa. Kwa hiyo kigae kimoja kilichopotea njia kinatosha kulifanya tabaka zima lionekane changa kuliko lilivyo, na vigae vyako mia mbili haviwezi kulitetea.

Ukitaka kuona thamani ya kitu kuachwa mahali pake, tazama Poggio Civitate, makazi mengine ya Waetruski karibu na Murlo, kusini ya Siena, ambako uchimbaji ulianza mwaka 1966. Mwishoni mwa karne ya 7 K.K. moto uliteketeza karakana kubwa ya pale wakati vigae vya paa vilikuwa vimeanikwa sakafuni, bado vibichi. Baadhi ya vigae hivyo vina nyayo za watu: walivikanyaga wakikimbia, na moto ule ule ukavichoma vikawa vigumu. Kama mtu angeviokota kimoja kimoja na kuvitia ndooni, leo tungekuwa na vigae vyenye alama za miguu tu, wala tusingejua kwamba kuna watu waliokuwa wakiukimbia moto.

Udongo Mweusi

Nakubaliana na aliyetangulia kuhusu kosa, ila sikubaliani na karipio la hadharani. Mtu wa wiki ya kwanza huelekezwa, na aliyepaswa kumwonyesha ukuta siku ya kwanza ni msimamizi mwenyewe.

Hata hivyo, mambo hayajaharibika kabisa. Kitazame kigae pale kilipovunjika: kama weusi umepenya hadi ndani na uso wake unang'aa kana kwamba umesuguliwa, huenda ni bukero, ufinyanzi ambao Waetruski waliuchoma katika tanuri lililonyimwa hewa, hata chuma kilichomo udongoni kikatoa rangi nyeusi badala ya nyekundu. Bukero ilitamba kuanzia karne ya 7 hadi ya 5 K.K., kwa hiyo kigae chako kitakuwa na la kusema hata kikiwa peke yake. Pili, tundu kilimotoka bado lipo ukutani. Chomeka msumari mwembamba pembeni yake, shusha timazi, pima kwa tepu umbali wake kutoka pembe mbili za shimo na kina chake kutoka kwenye kamba ya usawa, kisha mpe msimamizi vipimo hivyo. Na unapokiosha, tumia vidole na maji. Brashi ngumu hukwangua ule mng'ao.

Msomaji wa Makaburi

Naongeza moja, kwa kuwa pengine linaeleza hasira ya huyo msimamizi. Italia imeumizwa sana na wezi wa makaburi, ambao wenyeji huwaita *tombaroli*. Mwaka 1971 walitoa kaburini, huko Cerveteri, chombo cha kuchanganyia divai kilichochorwa na Euphronios wa Athens. Mwaka 1972 jumba la makumbusho la Metropolitan la New York likakinunua kwa dola milioni 1, na kikarudi Italia mwaka 2008. Chombo kilirudi kizuri vilevile, lakini kililazwa karibu na maiti ya nani, na pamoja na nini, hakuna daftari lililoandika. Mtu aliyekulia katika habari hizo akiona mkono unachomoa kitu ukutani, moyo humruka.

Mgeni wa Toscana

Ahsanteni sana. Leo asubuhi nililikuta tundu, nikapima kama nilivyoelekezwa, sentimita 41 chini ya kamba. Msimamizi alirudia vipimo vyangu kimyakimya, akarekebisha kimoja, kisha akakitia kigae katika mfuko wake peke yake wenye namba ya tabaka la kijivu na maneno "kutoka ukutani". Kilipovunjika ni cheusi hadi ndani. Mchana nimepewa kazi ya kuchora ukuta ule kwenye karatasi ya miraba, na tundu langu nalo limo.