Wifi ya bure mkahawani Nyali: nenosiri ukutani, vocha au namba ya simu?

kahawa_tungu: Nafungua mkahawa mwisho wa mwezi. Wateja wapewe nenosiri moja lililobandikwa ukutani, vocha kwenye risiti, au waweke namba ya simu kwanza? Naambiwa mteja akitapeli watu mtandaoni, nitashikwa mimi.

fundi_kisauni: Wafanyakazi wangapi? Kamera na mashine ya mauzo ziko mtandao huo huo? Laini ni ya biashara ama ya nyumbani? Mikataba mingi ya nyumbani hairuhusu kugawia wateja.

wakili_wa_jioni: Kwa sheria ya Kenya ya uhalifu wa mtandao ya 2018, mwenye kosa ni aliyetenda. Lakini IP, yaani anwani ya laini mtandaoni, ni yako, basi wapelelezi wataanzia kwako. Namba za simu nazo ni mzigo: ukizikusanya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu. Zikivuja, una saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data. Na kuwatumia watu matangazo kwataka idhini yao.

mikrotik_damu: Vocha, yakhe! Ruta ndogo ya MikroTik, saa moja kwa risiti, Mbps 2 kwa kila simu, DNS (kitafuta anwani za tovuti) iwe 1.1.1.3 izuie picha chafu. Hukusanyi jina la mtu. Kwisha.

fundi_kisauni: Haijaisha. Mwenye VPN, app ya kuficha njia yake mtandaoni, anaipita hiyo DNS. Na balaa kubwa ni kutotenga mitandao. Ruta moja, wote wako mtandao mmoja wa ndani, 192.168.1.x, mgeni anachanganua kwa simu, anaiona mashine ya kamera, nenosiri bado la kiwandani, picha za wateja zinatoka. Hapo wa kujieleza ni wewe. Weka VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya ruta) ya wageni, wazuie kuonana, funga njia ya kwenda mtandao wa ndani. Kisha unga simu kwa wifi ya wageni uipingi printa, yaani uiite uone kama itajibu. Ikijibu, hujatenga kitu.

mama_makadara: Na polisi wakija, vocha tupu itawaonyesha nini?

mikrotik_damu: Namba ya vocha, MAC (kitambulisho cha kifaa) na saa.

fundi_kisauni: MAC ya simu za siku hizi ni ya kubuni. Na kumbukumbu za MikroTik zakaa kwenye RAM. Stima ikipotea, zimekwenda. Zitume kwenye kompyuta nyingine, uwashe NTP ya kusawazisha saa, la sivyo hata saa itadanganya.

mama_makadara: Mimi naona msiweke kabisa. Mtu akaa na chai moja tangu asubuhi hadi magharibi!

kahawa_tungu: Wafanyakazi 6. Laini ni ya nyumbani, imesajiliwa kwa jina la mwenye nyumba.

wakili_wa_jioni: Lahaula! Yeye anajua?