Maua ya ndani: mkwe anasema yanavuta hewa usiku, kuna ukweli?

Binti_Chuno (Mtwara)

Wakuu, habari za jioni. Nimepanga vyumba viwili hapa Chuno. Sebuleni nina maniplanti, ile ya kutambaa yenye majani kama moyo, kwenye kopo la rangi la lita 4, dirishani alovera, chumbani sansevieria, ile ya majani marefu yaliyosimama wima yenye ukingo wa njano. Mama mkwe kaja kutoka Newala kumwona mjukuu, na tangu aione hiyo ya chumbani hana amani. Anasema maua yanavuta hewa usiku, mtoto atakosa pumzi. Jana kaitoa mwenyewe barazani. Sikumjibu, mkwe ni mkwe.

La pili, maniplanti inageuka njano kuanzia majani ya chini. Jirani wa kwanza kasema ni kiu, niongeze maji. Wa pili kanipa salfa iliyobaki ya mikorosho, eti ni dawa ya kila kitu. Kwenye video nimeambiwa nipulizie majani maji kila asubuhi na niweke kokoto chini ya kopo. Nimsikilize nani?

Mzee_wa_Vitalu (Lindi)

Mfikishie mkwe shikamoo yangu, halafu usibishane naye. Hajatunga uongo. Mmea unapumua kama kiumbe kingine, na usiku unatumia oksijeni kweli. Tatizo ni kiasi. Mtu mzima anatoa karibu kilo 1 ya kabonidayoksaidi kwa siku, kopo moja la maua halifiki popote hapo. Kwa hesabu hiyo, wa kutolewa chumbani angekuwa mumeo. Tena sansevieria na alovera hufungua vitundu vya majani usiku na kuvuta hiyo kabonidayoksaidi, kwa sababu ni mimea ya ukame, mchana inabana isipoteze maji.

Ila na wewe usimjibu kwamba maua yanasafisha hewa ya nyumba. Hilo limetokana na majaribio ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ya 1989, na yalifanyika ndani ya visanduku vilivyozibwa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walipitia majaribio ya aina hiyo wakaona ungehitaji mimea 10 hadi 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu ili ifanye kazi inayofanywa na hewa inayoingia na kutoka nyumbani kawaida. Fungua dirisha, upepo wa bahari upo bure.

Cha kuogopa kwa mtoto ni hiyo maniplanti. Akitafuna jani, mdomo na ulimi vinawasha na kuvimba. Iweke juu asikofika.

Sasa njano. Kabla ya yote nijibu: kopo lina tundu chini?

Binti_Chuno

Halina, mzee. Niliogopa maji yatachafua kapeti.

Mzee_wa_Vitalu (Lindi)

Basi jirani wa kwanza kakosea. Mizizi nayo inataka hewa. Udongo ukijaa maji muda wote mizizi inaoza, na mzizi uliooza haunyonyi, kwa hiyo mmea unanyauka huku umesimama kwenye maji. Mtu akiuona umenyauka anaongeza kikombe kingine. Chomeka kidole mpaka kiungo cha pili: kukiwa na unyevu, uache. Habari ya "mara moja kwa wiki" siipendi hata kidogo. Masika udongo unakaa na maji siku nyingi, kusi likivuma kopo la dirishani linakauka upesi.

Kokoto hazisaidii. Maji hayashuki kwenye kokoto mpaka udongo wa juu ulowe chepechepe, kwa hiyo umepunguza tu nafasi ya mizizi. Choma msumari jikoni, toboa matundu matano hivi, weka kisahani chini kwa ajili ya kapeti lako.

Kupulizia majani ni ushauri wa nchi za baridi, ambako nyumba zinapashwa moto na hewa inakauka. Wewe uko Mtwara, chumvi mezani inashikana yenyewe! Unyevu gani tena unautafuta?

Korosho_Kwanza (Tandahimba)

Salfa iache kabisa. Ile tunapulizia mikorosho kuzuia ubwiri unga, ambao ni ukungu. Mizizi inayooza kwa maji haihusiki nayo, wala si mbolea. Na ukiimwaga sebuleni mtashinda mnafikicha macho na kukohoa, pamoja na mtoto.

Mama_Mikindani

Niongeze moja. Shoga, angalia na maji yenyewe. Sisi wa visima vya pwani, maji yana chumvi, unaona utando mweupe juu ya udongo na ncha za majani zinaungua kahawia. Mimi nakinga ya mvua kwenye pipa. Na kama una tabia ya kumwagia makapi ya chai yenye sukari, acha, unafuga sisimizi.

Binti_Chuno

Nimepindua kopo nje, udongo unanuka kama mtaro, mizizi mingi myeusi na laini. Mashina ya juu bado ya kijani. Nikate wapi?

Mzee_wa_Vitalu (Lindi)

Kata chini kidogo ya kifundo, pale jani linapotokea penye kamzizi kadogo ka kahawia. Kifundo kiwe ndani ya maji, jani liwe nje. Bilauri ya kioo inatosha, maji ubadilishe yakianza kuchafuka. Mizizi ikifika urefu wa kidole, panda kwenye mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Ile mbichi itaunguza.

Binti_Chuno

Asante mzee. Mkwe kaomba vipande viwili vya kwenda navyo Newala. Kasema atavipanda nje.