Gemu inakwamakwama kwenye simu mpya, nibadilishe laptop?

JaKondele: Wadau wa Kisumu na kwingineko, nisaidieni. Natengeneza gemu ya mbio za mashua ziwani. Kwenye simu yangu ya zamani inateleza tu. Kwenye simu mpya ya mteja inakwamakwama, na baada ya muda simu inashika moto. Laptop yenye nguvu zaidi itatibu hili? Mteja anataka kuiona Ijumaa. Usingizi sina.

MwalimuAhero: Kijana, gemu zinawatoa watoto kwenye vitabu. Wakulima wa mpunga huku wanahitaji programu ya kuwaonyesha bei.

FundiSkrini: Taja resolusheni (idadi ya nukta za skrini) za simu zote mbili, tusibahatishe.

JaKondele: Sioni uhusiano, mpya ndiyo ya bei. Haya: yangu 720 kwa 1600, Hz 60. Yake 1440 kwa 3200, Hz 120.

FundiSkrini: Uhusiano ndio huo. Yako ina pikseli, yaani nukta, 1,152,000, yake 4,608,000: mara nne. Kwa Hz 60, yaani skrini kuchorwa mara 60 kwa sekunde, kila fremu (picha moja) ina milisekunde 16.7, kwa 120 ni 8.3. Kazi mara nne, muda nusu. Chipu ikipata joto hujipunguzia kasi, ndiyo maana hali inazidi kuwa mbaya. Laptop haichori chochote ndani ya simu. Una tabaka ngapi zinazopitisha mwanga?

JaKondele: Mvua, ukungu na mawimbi, kila moja inajaza skrini. Siziondoi, mteja amezipenda. Na laptop nimeshalipia dipoziti.

NyarDunga: Umenikumbusha 2012, iPad ilipokuja na 2048 kwa 1536, pikseli mara nne za iliyotangulia. Kaka yangu alikuwa Nakuru akitengeneza gemu, picha zake zote zikaonekana za ukungu. Alichora upya usiku na mchana. Siku hizi anauza omena soko la Kibuye na ana amani.

Bodaboda_Mamboleo: Hii ni hekaya! Mtu anaomba ushauri wa laptop aliyokwisha kulipia? Huyu ni muuzaji anatafuta wateja.

JaKondele: Omera, ndugu yangu, siuzi kitu. Muuzaji ni binamu yangu, ndiye aliyeniambia tatizo ni laptop. Yeye anajua mashine kuliko mimi.

MwalimuAhero: Sasa ukweli umetoka.

FundiSkrini: Hekaya au kweli, hesabu haibadiliki. Chora mandhari kwa 0.6 ya kila upande, zinabaki pikseli 1,658,880. Maandishi na vitufe viache kwenye resolusheni kamili, ndipo jicho huona ukungu kwanza. Funga fremu kwenye 60. Mvua na ukungu viwe tabaka moja: tabaka tatu za skrini nzima maana yake kila pikseli inapakwa rangi mara tatu juu ya mandhari.

JaKondele: Nimeweka 0.6 na 60. Imetulia, mvua ipo. Tabaka nitaunganisha kesho. Lakini laptop nitaichukua tu, binamu hatarudisha dipoziti.

NyarDunga: Duka lake liko wapi? Mwanangu anaingia Chuo cha Maseno.