Kupandisha Hilux inchi 2 kwa ajili ya njia za Buchosa, nafanya sawa au najitafutia kesi?

mpunga_mpya

Mwangaluka wakuu. Nina Hilux singo kebini ya 2002, injini 5L, foo wili inashika vizuri tu, kazi yake ni kutoa mpunga vijijini huko Buchosa kuleta mjini Mwanza. Toka daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe 2025 foleni ya kivuko ni hadithi, kwa hiyo trip zimeongezeka, ila shida iko pale pale ukishaiacha lami. Fuso zimechimba njia, tairi zangu zikiingia kwenye yale mahandaki yao basi gari inalalia tumbo kwenye ule mgongo wa katikati, na udongo wenyewe ni ule mweusi wa mbuga, unaenda kushuka unaacha kiatu humo humo. Wiki iliyopita nimekaa masaa manne na jembe la kuazima.

Sasa kuna fundi huku Igoma anasema ananipandishia inchi 4, nyuma anaweka bloku (kipande cha chuma kati ya ekseli na springi), mbele anakaza bolti tu, laki tatu na nusu na siku hiyo hiyo naondoka. Mi nilikuwa nawaza inchi 2 zinanitosha, sitaki gari la maonyesho. Mbele haina springi za majani, ina vile vyuma virefu vinavyojinyonga. Tairi ni 205R16. Waliowahi kufanya naombeni uzoefu.

JiweBismarck

Nne?? Mkuu kimbia na usigeuke nyuma.

Yangu ilikazwa toshenba (hivyo vyuma virefu vya mbele vinavyojinyonga) mpaka bolti ikaisha meno, ikasimama mbele kama jogoo, nikapiga na picha. Miezi miwili haijaisha raba za shafti za mbele zikapasuka zote mbili, grisi imetapakaa ndani ya rimu, vumbi likaingia, nikikata kona inalia ka ka ka. Shafti inakuwa imekaa mshazari sana, jointi haikutengenezwa ifanye kazi na pembe ile muda wote. Tairi nazo zikalika upande mmoja maana alaimenti hakuna aliyeikumbuka. Na ugumu wake sasa, kila kashimo unakasikia kwenye meno, fundi ananiambia eti toshenba imekaza, kumbe kukaza ile bolti hakuongezi ugumu wa chuma, kunanyanyua gari tu, ila shokapu inabaki imevutika karibu na mwisho wake, gurudumu likitaka kushuka shimoni halina pa kwenda, linagonga.

dagaa_mkavu

Uza nunua trekta 😂😂 Mimi nina Noah, nimeweka spesa, sasa wife anadai kistuli cha kupandia. Nafuatilia uzi.

fundi_mabatini

Mpunga, kabla ya kumpa mtu hela niambie kitu kimoja, ni nini hasa kinachogusa chini? Usinijibu tumbo. Lala chini ya gari uangalie palipokwanguka. Kama ni chesisi, au tangi, au kile chuma cha kushikilia gia boksi, hapo kupandisha springi kutakusaidia. Ila nahisi ni difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli, na hapa ndo wengi wanapigwa hela. Difu imekaa kwenye ekseli, ekseli imebebwa na tairi. Wewe pandisha bodi ifike dirisha la ghorofa ya pili, difu itabaki pale pale. Kinachonyanyua difu ni tairi kubwa tu, basi.

Twende kwenye hesabu. 205R16 kimo chake ni kama milimita 743. 235/85R16 ni kama 806. Tofauti ni 63, ila inayokuja chini ya difu ni nusu yake, sentimita 3 hivi. Unaona ndogo ila kwenye tope sentimita 3 ni kupita au kulala porini. Ukiziweka jua spidomita itakudanganya, ikisoma 80 wewe uko kwenye 87 kasoro, trafiki mwenye tochi hataki kusikia habari za saizi ya tairi. Mlimani 5L nayo utaiona inachoka kidogo. Na ukikata usukani wote zinaweza kugusa plastiki za mbele, hapo ndo inchi moja na nusu mpaka mbili ina maana, kuipa tairi nafasi.

Pili, pima. Chukua futi kamba, kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake, gari likiwa tupu, af likiwa na magunia. Nyuma likishuka sana ujue springi zimechoka, na hiyo siyo kupandisha, ni kurudisha ulichopoteza.

Bloku mi sizipendi kwa gari la mzigo, zinaipa ekseli nguvu ya kukunja springi ukikanyaga mafuta. Sheko ndefu (vile vyuma vinavyoshika ncha ya springi kwenye chesisi) nazo, ukiongeza inchi 2 unapata kama 1 tu. Ongeza jani, au weka seti mpya, na shokapu ndefu kidogo. Halafu kuna valvu ya breki imeunganishwa kwa fimbo na ekseli ya nyuma, ukipandisha gari yenyewe inadhani huna mzigo inapunguza breki za nyuma. Kama bado ipo (wengi wameshaing'oa, Mungu anawaona) irekebishwe. Hosi ya breki pia, isiwe imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo.

mpunga_mpya

Fundi ubarikiwe. Nimelala chini leo asubuhi na kipande cha boksi. Difu inang'aa kwa chini kama sufuria la mama ntilie lililosuguliwa kwa mchanga, chesisi haina hata mkwaruzo. Ila kubwa kuliko, springi ya nyuma kushoto jani la tatu limekatika na sijui ni toka lini, yani nilikuwa naenda kuweka bloku juu ya springi iliyovunjika. Kupima, tupu na magunia kumi na mbili tofauti ni sentimita 11 kushoto, kulia 8.

JiweBismarck

Na yule wa inchi 4 hakuliona?

mpunga_mpya

Hata kuinama hakuinama mkuu. Aliangalia akiwa amesimama.

fundi_mabatini

Haya basi. Badili springi pande zote mbili, usibadili moja gari litakaa upande. Weka na jani moja la ziada kila upande. Mbele kaza toshenba kidogo tu, isizidi inchi na nusu, hesabu mizunguko ya bolti kushoto na kulia, af nenda alaimenti siku hiyo hiyo, usiseme kesho. Tairi kama hela haijatosha zisubiri, ila usinunue 225/75R16 ukadhani umepanda, hizo kimo ni sawa na ulizonazo.

Yubolti (zile bolti zilizopinda zinazofunga springi kwenye ekseli) chukua mpya ndefu kidogo kwa sababu ya lile jani la ziada, usirudishie za zamani. Ukishatembea kama kilomita 300 rudi zikazwe tena, zikilegea senta bolti, ile inayoshika majani pamoja katikati, inakatika na ekseli inarudi nyuma ukiwa njiani na mpunga wa watu.

dagaa_mkavu

Mpunga ukipita salama tuletee kilo mbili za kuonja.