Naombeni ushauri: sime na panga kwenye D&D nizipe dadu gani?

Mpanda_Mawe: Wakuu habari za jioni. Niko Mwanza huku Nyegezi, tuna kikundi cha watu watano tunacheza Dungeons & Dragons kila jumapili, ule mchezo wa kuigiza hadithi ambapo dadu zinaamua kinachotokea, mimi ndo naendesha, tunatumia sheria za 2014. Nimetunga kisa kipya kinaanzia kwenye kisiwa cha ziwani, mitumbwi, karabai za wavuvi wa dagaa usiku, majabali kama ya Bismarck, na joka liko chini ya maji. Shida imekuja kwenye silaha. Mmoja anataka sime, mwingine panga, na wote wanataka dadu ya madhara ya pande 8 kama upanga mrefu wa kwenye kitabu cha sheria. Nikiwapa wote 8 naona hakuna tofauti tena ya silaha, nikiwashusha naona kama nazidharau silaha zetu mbele ya za wazungu na hilo linaniuma kweli. Jumapili iliyopita tumebishana masaa mawili dadu haijarushwa hata mara moja. Nisaidieni.

dadu20: Mkuu dadu isikuumize kichwa. Mchezo ulipotoka 1974 silaha zote zilikuwa dadu ya 6, kisu, shoka, upanga, zote sawa. Kila silaha kuwa na dadu yake kulikuja kwenye kitabu cha nyongeza cha Greyhawk, 1975. Kwahiyo usidhani kuna mtu alizipima. Hata huo upanga mrefu, kwenye sheria unaushika mkono mmoja unapiga 8, ukiushika miwili unapiga 10, wakati upanga wenyewe wa Ulaya ulitengenezwa ushikwe mikono miwili, mpini wake mrefu kwa sababu hiyo. Na tofauti ya dadu ya 6 na ya 8 kwa wastani ni pointi moja tu.

Binti wa Kirumba: Mpe sime namba za upanga mfupi, badili jina, mcheze.

Mpanda_Mawe: Dada nilishawaza hivyo, ila upanga mfupi kwenye kitabu ni wa kuchoma tu, na sime inakata pia.

Mjomba Sime: Hapo umesema kweli kijana. Nimekaa na sime ya marehemu babu yangu miaka mingi. Imenolewa pande zote mbili, huku kwenye mpini ni nyembamba halafu inapanuka kuelekea nchani, uzito unakwenda mbele, ndo maana inakata vizuri japo ni nyepesi. Mpini ni ngozi imezungushiwa na haina kinga ya mkono kabisa, ukichoma kwenye mfupa na kiganja kina jasho mkono unateleza mpaka kwenye makali. Panga ni kitu kingine. Nenda mwaloni uangalie mtu anavyotenganisha kichwa cha sangara mkubwa, hachomi, anaachia uzito ushuke. Makali upande mmoja, mgongo mnene. Na panga hakuna aliyefundishwa, kila nyumba lipo na mtoto wa darasa la tano analijua, sime mtu anafundishwa.

dadu20: Mjomba umemaliza, hapo kwenye kufundishwa ndo jibu lilipo. Sheria zinagawa silaha mbili, za kila mtu na za vita. Panga weka kwenye za kila mtu, chukua namba za shoka dogo, dadu ya 6, toa tu ile ruhusa ya kulirusha kwa adui, hapo hata kuhani, yule mhusika wa dini anayeruhusiwa silaha za kila mtu, analibeba. Sime iwe ya vita, dadu ya 6, nyepesi, mchezaji anaruhusiwa kutumia alama za wepesi wa mhusika wake badala ya za nguvu, na kabla hajarusha dadu anasema anachoma au anakata. Usimpe 8. Ukimpa 8 na wepesi juu inakuwa rapia, ule upanga mwembamba wa kuchoma, ila hii inakata na kuchoma, mwenye upanga mrefu atalia.

Binti wa Kirumba: Na ile ya mkono kuteleza? Akirusha 1 kwenye dadu ya kushambulia sime imtoke.

dadu20: Hapana dada, usimwadhibu aliyechagua silaha ya kwao, tena mpiganaji anayepiga mara nyingi ndo ataipata 1 mara nyingi zaidi.

Mpanda_Mawe: Wakuu asanteni sana, mjomba shikamoo. Nimewapigia wote leo. Wa sime kakubali baada ya kusikia atachagua kuchoma au kukata, wa panga alinuna kidogo nikampa mapanga mawili, moja kila mkono, maana kwa namba za shoka dogo linahesabika jepesi. Na kuhani wetu ambaye toka tuanze anatembea na rungu kaniambia na yeye anataka panga.