Tupeane uzoefu: pilsner ya Kipolandi ya viwanda vidogo, uliionjea wapi na ulisikia nini?

MwanaOder (Wrocław)

Wakuu, heshima kwenu.

Nimeanzisha uzi huu kwa ajili ya bia moja ambayo naona haipewi nafasi yake: pilsner ya Kipolandi, yaani bia ya rangi ya dhahabu yenye uchungu, hasa ile ya viwanda vidogo, ambayo wenyeji wanaiita kraft. Kila pilsner ikitajwa, mazungumzo yanakimbilia Ucheki, kwenye mji wa Plzeň na yule Mbavaria Josef Groll aliyepika ya kwanza mwaka 1842. Hilo halina ubishi. Lakini Poland wana hopsi zao (koni za mmea zinazoipa bia uchungu na harufu), wana shayiri yao na wana mkono wao, na mimi nasema bila kuzunguka kwamba hii ndiyo bia ninayoipenda kuliko zote.

Kwa miaka mingi Poland ilijulikana kwa majina makubwa: Tyskie ya Tychy, Żywiec, Okocim, Lech ya Poznań. Mwaka 2011 Pinta walitoa Atak Chmielu, bia ya mtindo wa Kimarekani iliyojaa hopsi, na baada ya hapo viwanda vidogo vikazuka kila kona. Mwanzoni kila mpishi alitaka bia kali yenye harufu ya maembe na machungwa kwa kutumia hopsi za Marekani. Kisha wengi wakarudi kwenye pilsner, na hapo ndipo unapomjua fundi. Pilsner haina pa kujificha. Kimea chake ni cheupe, hakuna tunda wala moshi wa kufunika jambo, kwa hiyo kasoro ndogo tu unaisikia. Hamira yake inafanya kazi kwenye baridi, nyuzi 8 hadi 13 hivi, halafu bia inalazwa karibu na nyuzi sifuri kwa wiki kadhaa ili itulie. Mwenye haraka atauza bia yenye harufu ya siagi, na mnywaji atajua.

Mimi naionja kwenye baa zenye mabomba mengi, wenyewe wanaziita wielokran. Ubaoni wameandika jina la kiwanda, mtindo, kilevi, na ile namba ya nyuzi za ekstrakti, yaani kiasi cha sukari ya kimea kabla ya kuchachuka. Pilsner nyingi zinasoma 12, na kilevi kinaangukia karibu asilimia 5. Glasi inakuja na povu jeupe, zito, linaloshika kwenye kioo kila unaposhusha funda. Puani kuna nyasi kavu, maua na mitishamba kidogo. Mdomoni unaanza na utamu wa mkate uliotoka tanuri, halafu uchungu unapanda taratibu nyuma ya ulimi, unakaa, na ukiondoka unaacha mdomo msafi. Kwa anayekula nguruwe, agiza na mkate uliopakwa smalec (mafuta ya nguruwe) na tango la chumvi pembeni. Mafuta yale yanakutana na uchungu ule, na kila kimoja kinamfanya mwenzake awe bora.

Leteni ya kwenu. Uliionjea wapi, ulikula na nini, ulisikia nini. Wanaotaka kuanza pia waulize.

DadaLublin

Kaka MwanaOder, ahsante kwa huu uzi, umenigusa panapo maslahi yangu. Nasoma teknolojia ya chakula hapa Lublin, na Lublin ndiyo nyumba ya hopsi za Poland. Sehemu kubwa ya hopsi za nchi hii inatoka mkoa huu, na kwa Ulaya Poland iko miongoni mwa wakulima wakubwa, nyuma ya Ujerumani na Ucheki.

Tulipelekwa mashambani wakati wa mavuno, mwisho wa Agosti kuingia Septemba. Mmea wenyewe unatambaa juu ya nyaya zilizofungwa kwenye nguzo ndefu, mita 7 hivi kwenda juu, ukiingia katikati unatembea chini ya ukuta wa kijani pande zote mbili. Mkulima alinichumia koni moja akaniambia niisugue viganjani. Ndani kuna unga wa njano unaonata, na huo ndio wenye uchungu na harufu yote. Viganja vyangu vilinukia hadi jioni, na nilipoonja pilsner siku ile ile mjini, harufu ilikuwa ile ile. Kuanzia hapo sikuhitaji kuambiwa hopsi ni nini.

Kwa wanaotaka kusoma lebo: mkiona Lubelski, hiyo ndiyo ya harufu. Ni ndugu wa damu wa hopsi za Žatec za Ucheki, laini, ya maua na udongo mzuri. Mkiona Marynka, hiyo mara nyingi inatangulia kwenye sufuria kwa ajili ya uchungu. Iunga nayo ni ya uchungu, imetoka kwenye taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoko Puławy, si mbali na hapa. Mpishi akiziweka Marynka mwanzoni mwa kuchemsha na Lubelski mwishoni, pilsner yake ina uti wa mgongo na ina manukato. Ninavyoona mimi, hiyo ndiyo saini ya Kipolandi, na kiwanda kikitumia hopsi za Marekani halafu kikaandika "pilsner ya Kipolandi" mimi sikubali.

Mwenye nafasi mwezi wa Agosti afike Krasnystaw kwenye Chmielaki, sikukuu ya wakulima wa hopsi inayofanyika tangu 1971. Mji mdogo, watu wengi, bia za kila aina.

Njoro_254

Mimi ni wa Nakuru, kwa sasa niko Kraków. Kwetu Kenya ukisema Pilsner mtu anafikiria ile chupa yenye picha ya simba, kwa hivyo nilipofika huku nilidhani ninaijua pilsner. Ya hapa ni kitu kingine. Ile ya nyumbani ni nyepesi na inashuka haraka. Ya hapa inakulazimisha upunguze mwendo.

Lakini nataka kuongea juu ya baridi, maana hapo ndipo tofauti kubwa iko. Nyumbani mhudumu anauliza, "Baridi ama moto?" Wazee wetu wengi wanachukua moto, yaani ile iliyokaa nje ya friji, na vijana tunawaona wako nyuma. Hapa Kraków mpishi mmoja alinieleza kwamba pilsner ikiwa baridi ya barafu pua haipati kitu, ulimi unakufa ganzi, na hopsi zote alizonunua zimepotea bure. Yeye anataka nyuzi 6 hadi 8, ipoe lakini isiume meno. Nilichukua glasi, nikaionja ikiwa imetoka tu bombani, nikaiacha ikae huku nikila żurek yangu (supu yao chachu), nikaionja tena. Mara ya pili ndiyo nilisikia maua anayoyasema dada hapo juu. Baba yangu ni mtu wa moto, na nimempigia kumwambia ulimi wake una akili.

MwanaOder

@Njoro_254 hilo la baridi ni muhimu sana. @DadaLublin, nimeongeza Krasnystaw kwenye mipango yangu.

DerevaUlaya

Naendesha lori, nimepaki Poland mara nyingi. Neno langu ni fupi. Hapa kiwango cha kilevi kwenye damu ya dereva ni promili 0.2, yaani sehemu 0.2 kwa kila elfu, chini kabisa, glasi moja inaweza kukupeleka pabaya. Pia kunywa hadharani barabarani ni faini. Mimi naonja siku ya mapumziko tu, gari likiwa limelala na ufunguo uko kwa mwenzangu. Ladha? Chungu, safi, nzuri na kiełbasa (soseji yao) ya kuchoma. Wageni wa nchi shikeni hilo la promili.

Bukavu716

Jambo bandugu. Miye niko Buffalo, jimbo la New York, nilitokea Bukavu nikapitia kambi mbele ya kufika huku. Mutasema Buffalo na Poland wapi na wapi. Basi jueni kwamba mutaa wetu huku mashariki ya mji ulikuwa wa Wapolandi tangu zamani, soko lao la Broadway Market lingali lipo, na leo sisi watu wa Kongo, Burundi na Somalia tunakaa kwenye nyumba zile zile walizojenga babu zao.

Jumatatu ya Pasaka kuna sikukuu yao wanaita Dyngus Day. Buffalo wanaifanya kwa nguvu, watu wamevaa nyekundu na nyeupe, muziki wa polka, wanarushiana maji na kuchapana polepole na vijiti vya mti wenye vichipukizi laini kama manyoya. Kazini niko na mzee mmoja, wazazi wa babu yake walitoka Poland, yeye ndiye alinialika. Kampuni ndogo ya hapa ilikuwa imepika pilsner ya mtindo wa Kipolandi kwa ajili ya sikukuu, na mzee akaniambia wamechukua hopsi za Lublin kabisa.

Miye nimekulia kwenye Primus. Primus ni bia ya furaha, chupa kubwa, munagawana. Hii nilipoionja, uchungu ulinishitua mara ya kwanza. Mzee akasema, usihukumu funda la kwanza, kula kwanza pierogi, vile vitonge vyao vya unga vilivyojazwa ndani. Nikala, nikarudi, na bia ikawa imefunguka. Tulikaa pale na familia yake, wananiuliza Bukavu iko namna gani, na miye ninauliza babu yao alikuja na meli gani. Tangu siku ile nikiona Lubelski kwenye kopo ninanunua.

MlimaMeru

Wadau, naandika kutoka Arusha. Mama yangu ni Mchaga wa Kibosho, na nataka niwaambie kwa nini uchungu wa bia hii haukunisumbua hata kidogo.

Nyumbani mbege, pombe yetu ya ndizi, haikamiliki bila msesewe. Ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa zichachuke, kimea cha ulezi kinasagwa na kupikwa uji, na gome la msesewe ndilo linaloleta uchungu. Bibi yangu alikuwa anaonja maji ya msesewe kwa ncha ya kidole kabla ya kuchanganya. Ukizidi, mbege inakuwa dawa. Ukipungua, inakuwa juisi ya ndizi isiyo na heshima. Siku niliyoonja pilsner ya Kipolandi aliyoniletea rafiki, nilimwona bibi pale mezani. Kimea chenye utamu, na kitu kichungu kutoka kwenye mmea kinachozuia utamu usichoshe. Wapolandi wanachukua ua la hopsi, sisi tunachukua gome, lakini mpishi anatafuta mizani ile ile. Kwa hiyo ndugu zangu wanaosema bia chungu ni ya Wazungu, waende Kibosho wakaulize.

Sasa mimi nimeanza kupika ya kwangu kidogo kidogo nyumbani. Hopsi za Lubelski naletewa zikiwa zimekandamizwa vidonge, zimefungwa bila hewa, na zinakaa kwenye friza. Kazi ngumu ni ubaridi. Mbege inachachuka kwa joto la nyumba na baada ya siku chache inanyweka. Pilsner inataka friji yenye kidhibiti cha joto, nyuzi 10 usiku na mchana, na umeme ukikatika naweka chupa za maji ya barafu pembeni ya ndoo. Baadaye wiki za kuilaza. Ni uvumilivu mtupu, lakini ninapofungua na kukuta bia ni angavu, rangi ya majani makavu, povu limesimama, naona fahari ya kweli.

Na jambo moja la pembeni. Hapa jirani Tengeru kuna makaburi ya Wapolandi. Wakati wa vita kuu ya pili wakimbizi wao karibu elfu tano waliishi hapa kambini, wengi wao wanawake na watoto, kuanzia 1942. Huwa napita pale, pametunzwa vizuri. Mtu wa Poland akija Arusha namwonyesha kwanza pale, halafu ndiyo tunakuja nyumbani kuonja.

DadaLublin

@MlimaMeru, hii ya msesewe nimemsomea mwalimu wangu wa maabara, ameomba nimweleze mara mbili. Anataka kuonja mbege!

BintiPwani

Mimi situmii kilevi, dini yangu hainiruhusu, lakini niko Warszawa na kila mkutano wa kazini watu wako kwenye bia. Nachangia kwa upande wangu. Huku bia zisizo na kilevi ni jambo la kawaida kabisa, rafu nzima dukani, na viwanda vidogo navyo vinapika. Mimi nachukua tu iliyoandikwa 0,0%, kwa sababu nyingine zinaitwa hazina kilevi na bado zina hadi asilimia 0.5, kwa hiyo wenzangu wa imani soma lebo, na mwenye shaka aache. Niliyoijaribu ilikuwa ya mtindo wa pilsner, ina harufu ya majani na uchungu mzuri, haina ule utamu wa soda. Nimeipenda kwa sababu sikai tena na glasi ya maji huku wenzangu wanajadili ladha.

SangaraMwanza

Wakuu, nimesoma mate yananitoka. Mimi niko Mwanza, shemeji yangu anasoma Łódź na anarudi likizo. Nimwambie aniletee nini, na niinyweje isiharibike? Mara ya mwisho mtu aliniletea chupa ya kijani kutoka Ulaya, ilikuwa na harufu ya kicheche.

MwanaOder

@SangaraMwanza, harufu ya kicheche hiyo ni mwanga. Hopsi zikipigwa na jua kwenye chupa ya kijani au nyeupe zinabadilika, na hata duka zuri linaweza kuiharibu kwa kuipanga dirishani. Mwambie shemeji achukue kopo, au chupa ya kahawia. Aangalie tarehe, achague iliyotoka kiwandani karibuni, kwa sababu manukato ya Lubelski yanakwisha mapema kuliko uchungu. Atafute pilsner ya kiwanda kidogo yenye Lubelski kwenye lebo. Akikosa, Perła ya Lublin inapatikana maduka mengi na itakupa mwanga wa hopsi za kwao. Aifunge katikati ya nguo kwenye sanduku la kupakia chini ya ndege.

Ikifika, usiinywe siku hiyo. Iache kwenye friji, ilale na kutulia. Osha glasi kwa sabuni na uisuuze sana, mafuta kidogo ya samaki yanaua povu. Itoe friji dakika kadhaa kabla, mimina ukiwa umeinamisha glasi, halafu malizia wima ili povu lisimame vidole viwili. Nusa kwanza.

SangaraMwanza

Nimeelewa mkuu. Swali dogo: nikiwa na sato wa kukaanga mezani, inakubali?

Njoro_254

Inakubali sana. Weka na ndimu na chumvi, pilipili kiasi. Mimi hapa Kraków naitumia na samaki wa kukaanga kila ninapompata mzuri sokoni.

DadaLublin

Na usiweke sharubati ya raspiberi ndani, hata kama shemeji atakuambia Wapolandi wanafanya hivyo. Wanafanya kweli, lakini si kwa pilsner ya aina hii.