Mafundi wa "hii haina kazi", mmeniulia injini ndani ya geti langu mwenyewe (Kigoma)

Wakuu, habari za jioni. Mods naomba huu uzi msiuhamishie kule kwenye vichekesho, leo sicheki. Ni mrefu, asiyetaka kusoma apite.

Mimi nipo Gungu, hapa Kigoma mjini. Julai 2024 nilinunua pikapu, Hilux ya 1992, kebini moja, injini ya dizeli aina ya 2L. Mwenyewe alikuwa anabebea dagaa wa Kibirizi, na safari nyingine anashusha chumvi kutoka Uvinza. Ziwa lilipofungwa ile miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti, biashara ikamlalia, gari likakaa juu ya mawe, akaniachia kwa milioni tatu na nusu. Wanaojua magari mshaelewa nilinunua nini. Chumvi ya Uvinza kwenye mboga ni sawa, kwenye chesisi ni mchwa. Ukiinua kapeti upande wa dereva unaona kuku wanapita chini.

Mtaniuliza kwa nini sikulipeleka gereji. Nimeshalizwa gereji. Korola yangu ya zamani iliingia na alteneta nzima ikatoka na kitu ambacho hata fundi umeme alikigeuzageuza akakosa la kusema. Nikaapa kwamba hili litafunguliwa uwanjani kwangu, chini ya mwembe wangu, macho yangu yakiwa hapo. Fundi aje na spana zake, ale chakula changu, alipwe kwa siku, jioni aondoke mikono mitupu. Nilidhani adui ni wizi. Kumbe afadhali mwizi, yeye angalau anajua thamani ya anachokichukua.

Ya bodi nayapita haraka, huko sina malalamiko. Chesisi tulikata vipande viwili vilivyooza, mchomeleaji akaweka vyuma vipya, akachomelea kotekote na siyo yale madoamadoa. Sakafu tukapiga bati jipya. Pati nilikataa isipokuwa kwenye milango. Msasa tulipiga mimi na kijana wangu likizo nzima ya Desemba, mpaka simu ikawa haikubali tena alama ya kidole changu. Rangi nyeupe. Mama watoto aliyekuwa anaita lile gari "kaburi lako" siku hiyo akaomba apigwe picha nalo.

Tatizo ni injini.

Fundi niliyempata, jina silitaji na msiniombe inbox, mikono anayo. Nasema ukweli, simdhulumu. Tulisimamisha miti mitatu, tukaning'iniza cheni bloku, akashusha ile injini peke yake na kijana mmoja kama anatoa chungu jikoni. Akabadilisha pistoni, ringi, beringi na mkanda wa taimingi, alama zote zikakaa mahali pake. Kuna siku gari la jirani lilipita barabarani, hakuinua hata kichwa, akasema nozeli moja ya lile inakojoa. Jirani akaenda kupima, kweli. Mtu wa namna hiyo utambishia nini?

Sasa kando yake kulikuwa na ndoo ya rangi, ya lita 20. Alichokiita takataka alikitupia humo. Mimi natoka kazini jioni naikuta inajaa, nafurahi, nasema uchafu unatoka. Siku moja nikachungulia. Nikaokota kidude cha shaba chenye springi, kipana kama kifuniko cha chupa ya maji ya lita sita, kimegongwa namba 82.

"Fundi, hiki umekitoa wapi?"

"Aah, themostati hiyo bosi. Haina kazi. Wenzetu wanaiweka kwa ajili ya nchi za baridi, kule kwenye theluji. Huku kwetu na joto hili inakuchemshia gari bure. Nimeitoa kwenye gari zote za hapa."

Nikaitikia. Kosa langu ni hapo, na msihangaike kunikumbusha kwenye majibu, nimeshajikumbusha usiku mara nyingi. Nililala na gari lisilo na themostati nikiwa na amani kabisa.

Mle kwenye ndoo kulikuwa na mengine. Lile kava la plastiki linalozunguka feni, lilipasuka sikio moja, likatupwa zima. Waya za hita plagi, zile zinazoipasha moto injini ya dizeli asubuhi ili iwake, "utakuwa unasukuma tu bosi, si una vijana?" Fyuzi mbili za asili, mahali pake pamefungwa waya wa shaba uliovuliwa kwenye kebo ya umeme wa nyumba. Na ile vali ya breki inayokaa nyuma juu ya difu, yenye fimbo yake ya chuma.

Hiyo vali niisemee kidogo maana ingenizika. Gari likiwa tupu mkia unakuwa juu, fimbo inaiambia vali ipunguze nguvu ya breki za nyuma. Likibeba mzigo mkia unashuka, vali inaachia nguvu zaidi. Kitu cha akili sana na hakitumii umeme hata kidogo. Jamaa akakiondoa, akaunga bomba moja kwa moja. Siku ya mvua nateremka Mwanga kwenda stesheni, gari tupu, nakanyaga breki taratibu kabisa, mkia ukataka kutangulia kufika. Bodaboda aliyekuwa pembeni alinitukana matusi ya Kiha ambayo nilikuwa sijayasikia tangu utoto. Nikampigia fundi. "Tairi hizo bosi, zimekwisha." Tairi zilikuwa na wiki mbili.

Bado sikushtuka. Ndivyo mtu anavyokuwa akishampenda fundi.

Machi nikapakia saruji mifuko 20, tani moja kamili, nampelekea shemeji anayejenga Kalinzi. Kutoka hapa mpaka Mwandiga gari linateleza, nimefungua kioo, naona fahari. Barabara ya Manyovu ilipoanza kupanda milima, mshale wa temperecha nao ukaanza kupanda. Nikapunguza mwendo, nikashusha gia. Ukasita, ukapanda tena. Nikasimama, nikaacha injini ipoe yenyewe, sikumwagia maji ya baridi, hilo nalijua. Nusu saa. Nikaongeza maji, nikaondoka. Kilomita tatu mbele nikaona moshi mweupe kwenye kioo cha nyuma, nikadhani ni ukungu wa milimani.

Nilipochomoa kijiti cha oili nilikaa chini kwenye nyasi. Oili ilikuwa chai ya maziwa, yaani maji yameshaingia ndani yake. Siyo kijivu kidogo wala povu kidogo, ni chai ya maziwa ile ya mgahawani asubuhi. Lori lililokuwa linashuka likanivuta kwa kamba mpaka nyumbani, elfu sitini, na saruji ikapakuliwa barabarani, mifuko miwili haikufika Kalinzi.

Hedi, kile kichwa cha juu cha injini chenye vali, imefunguliwa Jumamosi iliyopita. Ufa upo kati ya vali mbili, silinda ya tatu, mwembamba kama unywele wa kichanga. Huuoni mpaka upake mafuta ya taa ufute, ndipo unajichora wenyewe.

Najua kuna watakaokuja na "2L ugonjwa wake ni hedi". Sawa, hata mimi najua, 2L ikichemka haisamehi. Sasa mtu mwenye mgongo mbovu ndiye unamtwisha gunia la pili?

Jumapili nikaenda kuitafuta ile themostati. Ndoo haikumwagwa, namshukuru mama watoto ambaye aliigeuza ya kuwekea vyuma chakavu ili auze. Nikachemsha maji kwenye sufuria ndogo juu ya jiko la mkaa, nikaitumbukiza ikiwa imefungwa kwa uzi, na kile kipimajoto cha kupikia nilichoazima kwa jirani anayetengeneza sabuni za mawese. Tulikuwa watatu, mimi, kijana wangu na huyo jirani. Sitini, hamna kitu. Sabini na tano, hamna kitu. Ilipopita themanini na mbili ikaanza kufunguka polepole, sahani ya juu inaachia njia, springi inabonyea, na sahani ndogo ya chini inashuka. Ilipofika tisini na kitu ilikuwa wazi kabisa. Nikaitoa, ikapoa, ikajifunga. Nikarudia mara tatu. Ina miaka zaidi ya thelathini, imebeba dagaa, imebeba chumvi, imetupwa kwenye ndoo, na inafanya kazi kuliko wengi wetu.

Ile sahani ndogo ya chini ndiyo iliyonitoa machozi. Asiyejua aangalie hapa. Maji ya injini yana njia mbili. Moja inapita kwenye rejeta kupoa, nyingine ni ya mkato, inarudi ndani ya injini bila kuiona rejeta. Injini ikiwa ya baridi, themostati inafunga njia ya rejeta ili ipate joto haraka. Ikishapata moto, sahani ya juu inafungua rejeta na ile ya chini inaziba njia ya mkato, maji yote yaende kupoa. Ukiitoa, ile njia ya mkato haizibwi tena milele. Maji ya moto yanagawanyika, mengine yanaenda rejeta, mengine yanageuza kona na kurudi yalikotoka yakiwa na moto wao uleule. Kwenye tambarare ya mjini hutaona kitu. Panda mlima na tani moja, feni haina kava inavuta upepo wa pembeni badala ya kuuvuta kupitia rejeta, ndipo utakapojua.

Yaani kifaa alichokitoa ili gari lisichemke ndicho kilichokuwa kinalizuia lisichemke!

Sasa mafundi mliomo humu nawauliza, na mnijibu kama watu wazima. Mjapani anayehesabu mpaka uzito wa nati, ambaye akiweza kuokoa bolti moja kwenye kila gari anaiokoa, alikaa kiwandani akabuni kidude chenye nta ndani, springi na sahani mbili, akakilipia, akakifunga kwenye kila gari, halafu hakina kazi? Na lile joto la Kigoma mnalolisema, hata siku kali kabisa hapa kwetu haifiki nusu ya hizo 82. Injini haijui kama ipo Kigoma au ipo kwenye theluji, inajua moto wake wa ndani tu.

Semeni "sijui kazi yake". Maneno matatu. Nitawalipa pesa ileile na chai juu.

Hesabu ya mpaka leo, hedi tupu kutoka Dar nimeambiwa laki tisa, seti ya gasketi laki na themanini, oili, filta, mkanda sitaurudia ule, na ufundi bado. Reli ilifika hapa mwisho wa reli mwaka 1914, lakini hedi ya 2L ina wiki ya pili "ipo njiani". Themostati mpya dukani ni elfu ishirini na tano.

Nauliza pia, maana uzi usiwe wa kulia tu. Hedi ya 2L iliyopasuka kati ya vali kuna mtu ameishona, yaani kuuchomelea ufa, ikakaa? Hapa kuna anayesema anashona kwa laki mbili na nusu. Nataka mtu aliyepanda nayo mlima na mzigo baada ya kushonwa, sitaki "nasikia wanashona". Na kava la feni la Hilux ya miaka hiyo, mwenye la mtumba Tabora au Mwanza aniambie bei.

Nyongeza, saa tatu usiku: Fundi amekuja. Nilimwita kwa heshima, nikamkaribisha kiti, nikawasha jiko, nikarudia lile sufuria mbele yake bila kusema neno. Aliangalia inavyofunguka. Akaomba nirudie. Nikarudia. Akakaa kimya muda mrefu, nikasema sasa ataomba radhi, hata mimi nilikuwa tayari kuyamaliza.

Akasema, "Bosi, kumbe bado nzima hii. Sasa kama wewe unanunua mpya, niachie hii. Kuna mteja wangu ana Haisi ya 2L, asubuhi inatoa moshi mpaka saa nne ndiyo ipate moto."

Nikamuuliza ya kwake aliitoa nani.

Akaaga.

Nimeifungia kabatini, kwenye bahasha moja na cheti cha ndoa.